Nathaniel Baldwin: Mwalimu Aliyekosa Kazi Akatengeneza Hedifoni Jikoni

Ingia maktaba yetu wiki moja kabla ya UE. Kila meza ina mtu amezama kwenye madaftari, na karibu kila sikio lina waya. Huyu anasikiliza Bongo Fleva, yule kwaya, mwingine anarudia lekcha aliyoirekodi kwa simu kwa sababu siku ile alikaa nyuma na hakuambulia kitu. Hakuna anayemsumbua jirani. Hedifoni, au spika za masikioni kama wengi tunavyoziita, tumezizoea mno kiasi kwamba hatujiulizi zilitoka kwa nani.

Mimi pia sikuwa nimejiuliza, mpaka nilipokwenda BTP wilayani Ngara mwaka wa pili nikakutana na kijana mmoja wa kidato cha pili. Nitamrudia huyo kijana. Kwanza naomba tumsome mzee mmoja wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka sitini iliyopita, maana habari zake ndizo zilizonifanya nione kosa nililokuwa nikilifanya darasani.

Mtoto wa Fillmore

Nathaniel Baldwin alizaliwa tarehe 1 Desemba 1878 katika mji mdogo wa Fillmore, jimbo la Utah. Ni nchi ya milima na ukame, mbali kabisa na viwanda vya mashariki ya Marekani. Kwa sisi tuliokulia Biharamulo picha hiyo haihitaji maelezo mengi. Kifaa kinakufikia kikiwa kimeshapita mikono mitatu, na kikiharibika unakifungua mwenyewe kwa sababu fundi yuko mbali.

Wakati anazaliwa, simu ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Alexander Graham Bell alipata hati ya ugunduzi wake mwaka 1876. Kwa hiyo Baldwin ni wa kizazi cha kwanza kilichokua kikijua kwamba sauti ya mtu inaweza kupita kwenye waya. Alisoma katika vyuo vya Utah, kisha akaenda California, Chuo Kikuu cha Stanford, kusomea uhandisi wa umeme. Alipohitimu hakubaki huko kutafuta pesa. Alirudi nyumbani akawa mwalimu wa fizikia katika chuo alichokuwa amesoma mwenyewe.

Kazi hiyo haikudumu. Baldwin alikuwa Mmormoni, na alishikilia msimamo wa kutetea ndoa ya wake wengi, jambo ambalo uongozi wa kanisa lake ulikuwa umetangaza kuliacha tangu mwaka 1890. Chuo kilikuwa cha kanisa, hivyo msimamo ule ulimgharimu nafasi yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa mtu mwenye shahada ya Stanford, mwenye familia, asiye na darasa la kufundisha. Nadhani wengi wetu wa kitivo cha elimu tunaposoma hapo tunameza mate kidogo, maana habari ya shahada bila darasa tunaisikia kila siku kutoka kwa kaka na dada zetu waliotutangulia.

Alipata kazi katika mtambo mdogo wa umeme wa maji huko milimani. Si kazi aliyoiota, lakini ilimpa vitu viwili: mshahara, na muda wa kuchezea vifaa vyake.

Kupaza sauti, au kuisogeza

Inasimuliwa kwamba wazo lake lilianzia ibadani. Katika kumbi kubwa za kanisa lake, aliyekaa mbali alikuwa akimwona mhubiri lakini maneno hayamfikii. Vipaza sauti vya umeme kama vya leo havikuwepo. Baldwin akajiuliza afanyeje ili yule wa nyuma naye asikie.

Jibu lake la kwanza lilikuwa la nguvu. Alijaribu kukuza sauti kwa kutumia hewa iliyoshindiliwa, ili ukumbi mzima ujae sauti. Angalia mwelekeo wa fikra yake hapo: msemaji yuko mbele, msikilizaji yuko mbali, kwa hiyo tuongeze kelele huko mbele. Ni fikra ya kila mtu. Ni fikra ya mwalimu anayepayuka mpaka sauti inakauka kipindi cha tatu.

Katika kuhangaika na hilo akajikuta anahitaji kifaa cha kupokelea sauti ambacho ni chepesi kuhisi, kinachoweza kuitika hata umeme kidogo sana. Hapo ndipo kazi yake ilipogeuka. Badala ya kuongeza nguvu kwa msemaji, akaanza kuboresha kile kinachokaa sikioni mwa msikilizaji.

Ulimi wa chuma katikati ya sumaku

Naomba nieleze kifaa chenyewe, maana ndipo ulipo utamu wa habari hii.

Kipokea sauti cha simu za wakati ule kilikuwa na sumaku, koili ya waya, na kiwambo cha bati jembamba mbele yake. Sumaku inalivuta bati muda wote, kwa hiyo bati limekaa limekakamaa. Umeme wa sauti ukipita kwenye koili, mvuto unaongezeka na kupungua, bati linatikisika, sikio linasikia. Shida ni kwamba bati lililokwisha kuvutwa upande mmoja haliwezi kucheza kwa uhuru. Umeme mdogo hauliamshi.

Baldwin aliweka kiulimi cha chuma katikati ya ncha za sumaku, kikivutwa sawasawa huku na huku. Fikiria mizani ya sokoni iliyosawazishwa vizuri: pande zote mbili zina uzito, lakini ukidondosha punje moja ya mahindi upande mmoja, mizani inainama. Kiulimi kile kilikuwa hivyo. Umeme hafifu kabisa ulitosha kukiinamisha, na kijiti chembamba kilipeleka mtikisiko wake kwenye kiwambo cha ulanga, ambacho ni chepesi kuliko bati. Ndani ya kila kisikilizio alizungusha waya mwembamba wa shaba, mizunguko mingi mno, ili kile kidogo kinachoingia kifanye kazi yote inayowezekana.

Matokeo yake, ishara ambazo masikio ya watu wa redio yalikuwa hayazipati sasa zilisikika. Umeme haukuongezwa hata chembe.

Barua ya wino wa zambarau

Basi, atamuuzia nani? Wenye mitaji aliowafuata hawakuvutiwa. Mwaka 1910 aliamua kuliandikia Jeshi la Wanamaji la Marekani. Barua yenyewe imebaki maarufu kwa sababu ya sura yake: wino wa zambarau juu ya karatasi za rangi ya bluu na waridi. Ungekuwa ofisa wa jeshi unapokea barua ya namna hiyo kutoka kwa mtu usiyemjua, milimani Utah, akidai ana kifaa bora kuliko vyote mlivyonavyo, nadhani ungeiweka pembeni.

Ofisa aliyeipokea, Hepburn, hakuiweka pembeni. Alifanya vifaa vile vipimwe, na vipimo vikaonyesha kwamba ni bora kwa mbali kuliko vilivyokuwa vikitumika. Kasoro ilikuwa kwenye uvaaji, kwa hiyo wanamaji wakaomba mkanda wa kichwani urekebishwe. Baldwin akatengeneza mkanda wa nondo mbili nyembamba za waya zilizovishwa ngozi, unaoweza kurefushwa na kufupishwa kulingana na kichwa cha mvaaji. Tazama hedifoni kubwa za leo, utaona mkanda ule bado ni uleule kwa asili yake.

Jeshi lilipotaka kuagiza kwa wingi, likapata jibu ambalo halikulitarajia. Hakuweza kutengeneza zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa sababu alikuwa akizitengeneza jikoni kwake. Kiwanda kilichokuwa kinahudumia wanamaji wa taifa kubwa kilikuwa meza ileile ambapo familia ilikula.

Kiwanda kando ya kijito

Dunia ikaanza kumfuata. Redio ilikuwa imekuwa silaha. Hata kwetu Kagera tunayo kumbukumbu yake: Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria wakashambulia Bukoba, na lengo kubwa lilikuwa kituo cha redio cha Wajerumani, kilichopeleka na kupokea habari za vita. Wakati huo boma la Biharamulo nalo lilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani. Katika vituo kama vile, mtu alikaa na visikilizio masikioni akitafuta mlio hafifu katikati ya mikwaruzo, na maisha ya wenzake yalitegemea alichokisikia. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mahitaji ya hedifoni za Baldwin yalipanda sana.

Alishauriwa ahamie mashariki, karibu na viwanda na bandari. Akakataa. Alijenga kiwanda East Millcreek, karibu na Salt Lake City, na akatumia maji ya kijito cha Mill Creek kuzalisha umeme wake. Mtu wa Ngara anaelewa jambo hili upesi. Pale Rusumo maji ya mto Kagera yanazungusha mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kwa nchi tatu. Baldwin alikuwa na kijito tu, lakini kilimtosha.

Kisha ikaja redio ya burudani. Novemba 1920 kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilirusha matokeo ya uchaguzi, na watu wa kawaida wakaanza kununua redio. Nyingi za bei nafuu zilikuwa redio za kristali, zisizotumia betri wala umeme wa ukutani. Nguvu yote ilitoka kwenye wimbi lenyewe lililonaswa na waya wa antena. Nguvu hiyo haiwezi kusukuma spika. Inaweza kusukuma hedifoni tu, tena hedifoni nyepesi kuhisi. Kwa hiyo kila aliyekuwa na redio ya kristali alihitaji kitu kama kile cha Baldwin. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kiwanda chake kiliajiri watu wapatao 150.

Anguko

Ningependa niishie hapo, lakini maisha yake hayakuishia hapo.

Baldwin alikuwa mkarimu kwa namna iliyomponza. Alijaza kiwanda na bodi ya kampuni watu waliokubaliana naye kuhusu dini na ndoa, akawasaidia kwa makazi, akawekeza pesa katika mipango yao. Kumwajiri mtu kwa sababu mnasali pamoja si lazima kuharibu kazi, lakini kumkabidhi hesabu za kampuni kwa sababu hiyo peke yake ni jambo jingine. Mwaka 1924 kampuni ilifilisika. Wakati huohuo spika zilizosukumwa na vali za redio zilikuwa zimeanza kuingia majumbani, familia nzima ikasikiliza pamoja, na hedifoni zikaanza kuwekwa kabatini.

Baadaye mambo ya uwekezaji yalimfikisha mahakamani. Alipatikana na hatia ya udanganyifu kwa kutumia posta, akafungwa katika gereza la kisiwa cha McNeil. Alipotoka hakuinuka tena kibiashara. Alifariki tarehe 19 Januari 1961 bila utajiri na bila kelele. Jengo la kiwanda chake bado lipo Utah na linatunzwa kama jengo la kihistoria.

Ule mfumo wa kiulimi kilichosawazishwa katikati ya sumaku haukufa naye. Uko leo ndani ya vifaa vya kusaidia kusikia wanavyovaa watu wenye uziwi, na ndani ya visikilizio vidogo wanavyovaa wanamuziki jukwaani.

Nilivyomkuta Ngara

Sasa turudi kwa yule kijana.

Shule niliyopangiwa ni ya kata. Mkondo mmoja ulikuwa na wanafunzi zaidi ya themanini, na nilifundisha Kiingereza. Kijana huyu alikaa nyuma kabisa kwa sababu ni mrefu. Imla nikitoa maneno ishirini, anapata mawili. Nikiuliza swali, ananitazama tu. Wiki ya pili nilimtoa nje asimame mpaka kipindi kiishe, na kwenye daftari langu la maandalio nikaandika kwamba ni mtukutu. Naliandika hili hapa kwa aibu, lakini ni kweli.

Ni mwenzake wa dawati aliyenijia baada ya vipindi akanieleza, kwa adabu kabisa, kwamba yule hasikii vizuri tangu alipougua masikio akiwa mdogo. Mimi nilikuwa nimejibu tatizo lake kwa kupaza sauti, tena kwa hasira. Nilikuwa bado kwenye hewa iliyoshindiliwa ya Baldwin.

Mzazi wake aliitwa, na suala la kumpeleka hospitali likaanza kushughulikiwa na shule. Lakini BTP haisubiri, na imla ilikuwa kila wiki. Nilikuwa na kompyuta ndogo ya bodi moja, Raspberry Pi Zero, ambayo mimi na mwenzangu wa chumba tulichanga bumu tukanunua. Nikafikiri nirekodi masomo kwa simu, niyaweke humo, kijana asikilize kwa hedifoni akiwa palepale darasani. Nikaifungua kwenye boksi, nikagundua kitu ambacho ningekijua kama ningesoma kabla ya kununua: Pi Zero haina tundu la hedifoni. Sauti yake inatoka kwa njia ya HDMI, yaani kwenye televisheni.

Nilikwenda kwa fundi redio mjini Ngara. Mezani kwake kulikuwa na kaburi zima la redio, na kwenye kaburi lile ndimo tulimopata kila kitu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka nguvu. Nilikuwa na kikuza sauti kidogo cha spika aina ya PAM8403, nikakiunganisha na jeki ya hedifoni. Kikapata moto, kikafa. Sababu nilikuja kuielewa baadaye: kikuza sauti kile kinahitaji kila spika iwe na waya zake mbili, lakini hedifoni za kawaida masikio yote mawili yanatumia waya mmoja wa kurudia, kwa hiyo nilikuwa nimepiga shoti mimi mwenyewe.

Njia iliyofanya kazi ni ya kinyonge zaidi. Unaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ili sauti itoke kwenye pini za GPIO 18 na 19. Pini hizo hazijui sauti, zinajua kuwaka na kuzima tu, volti 3.3 au sifuri. Zinawaka na kuzima kwa kasi kubwa mno, na ule uwiano wa kuwaka na kuzima ndio unaobeba sauti. Kazi yako ni kuulainisha. Kwa kila upande tuliweka rezista ya omu 270 kutoka kwenye pini, kisha rezista ya omu 150 na kapasita ya nanofaradi 33 zikienda kwenye graundi, kisha kapasita moja kubwa zaidi kabla ya jeki ili umeme usiobadilika usiingie kwenye hedifoni. Michoro mingi huonyesha kapasita hiyo ikiwa ya maikrofaradi 10, ila kwa hedifoni besi inapotea. Tuliyoitoa kwenye redio ilikuwa ya maikrofaradi 100, na sauti ilijaa vizuri. Ile rezista ya 270 usiiruke hata kama unataka sauti kubwa. Ndiyo inayozuia pini isitoe umeme kuliko uwezo wake, na pini ikiungua kompyuta haina spea.

Sauti ilitoka ndogo, yenye mchakato kidogo wa nyuma, lakini inaeleweka. Ijumaa nilitoa imla kwa darasa zima kwa mdomo kama kawaida, naye akaisikiliza ileile kutoka kwenye kijiboksi. Alikosa maneno matatu kati ya ishirini. Moja kati ya hayo matatu nilikuwa nimelitamka vibaya mimi mwenyewe kwenye rekodi.

Kabla hujaenda BTP

Kijiboksi kile nilikiacha shuleni. Hakichukui nafasi ya daktari wa masikio, na kijana anapaswa kupimwa kabla sauti haijaongezwa hovyo masikioni mwake. Wewe jaribu kwanza sikioni mwako, kwa sauti ya chini, ndipo umpe mtoto.

Kama unataka kutengeneza, jipunguzie taabu niliyoipata. Nunua bodi yenye tundu la hedifoni tayari, au tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB. Lakini usidharau redio mbovu za mtaani. Tanzania nzima inazo, na mafundi wake wanajua mambo ambayo sisi tunayasoma kwa nadharia.

Na hata kama hutashika pini wala rezista, siku ya kwanza ukiingia darasani nenda kasimame nyuma kabisa, mwombe mwanafunzi mmoja asome kwa sauti akiwa mbele, kisha uwaulize walio karibu nawe wamesikia nini. Mimi ningefanya hivyo wiki ya kwanza, yule kijana asingesimama nje.